Kula Krofishi Kasinoni Lake Charles: Mwongozo kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Kila ikifika Februari simu yangu haipumziki. "Kaka, Jumamosi tunavuka Louisiana, mtoto ataruhusiwa?" "Shem, ile gumbo ina nguruwe?" Na swali ninalolipenda kuliko yote: "Huyu mdudu mwekundu analiwa kuanzia wapi?", yaani krofishi, kamba mdogo mwenye magando. Mimi si mpishi, na kamari siijui. Ni Mtanzania wa Houston anayependa vyakula vya baharini, na nimejibu maswali haya kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka. Leo nayaandika yote mahali pamoja.

Kwanza, kwa nini kasinoni? Texas hairuhusu kasino za kibiashara. Kwa hiyo watu wa Houston hupanda gari, wakafuata barabara ya I-10 kuelekea mashariki, wakavuka mto Sabine na baada ya saa mbili na ushei wako Lake Charles, mji wa jimbo jirani la Louisiana. Huko kasino ni kubwa, na ndani yake kuna migahawa ya chakula cha Kikajuni, watu wa vinamasi vya kusini mwa Louisiana. Wakajuni ni wazao wa Wafaransa wa Acadia, huko Kanada ya leo, ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755. Historia inatosha, tuingie jikoni.

Kabla hujatoka nyumbani, uwe na hivi:

- Kitambulisho halisi chenye picha: leseni ya udereva au pasipoti. Picha ya pasipoti iliyo kwenye simu haitakusaidia mlangoni.
- Umri wa miaka 21 au zaidi, kama utapita kwenye ukumbi wa kamari.
- Pesa ya chakula iliyotengwa. Mimi huiweka kwenye bahasha. Sababu utaiona hatua ya tatu.
- Nguo usiyoionea huruma. Kanzu nyeupe iache kabatini.
- Tishu mvua, pakiti nzima.
- Kama unavaa lenzi za machoni, njoo na miwani badala yake. Nasema kwa uchungu.
- Orodha ya vitu vinavyokudhuru. Mwenye mzio wa kamba au kaa asifikirie kuwa ataagiza kuku akawa salama: mafuta ya kukaangia na sufuria mara nyingi ni zilezile.

1. Chagua mwezi, kisha chagua siku

Krofishi ni kamba mdogo wa maji baridi, mwenye magamba mekundu na magando kama ya kaa. Louisiana wanamfuga hasa kwenye mashamba ya mpunga: mchele ukishavunwa, shamba hujazwa maji na krofishi wakaendelea na maisha yao humo. Msimu huanza kati ya Januari na Februari, ukaisha karibu na Juni. Wanono ni wa Machi hadi Mei.

Angalia kalenda ya Kanisa pia. Kusini mwa Louisiana Wakatoliki ni wengi, na Ijumaa za Kwaresima hawali nyama, kwa hiyo mji mzima huhamia kwenye krofishi. Bei hupanda, foleni hurefuka, na Ijumaa Kuu ndiyo kilele. Kama unaweza, nenda Jumanne au Jumatano.

Ukienda Septemba utakuta krofishi bado wameandikwa kwenye menyu, lakini hao ni mikia iliyogandishwa, na huenda imetoka nje ya nchi. Tangu 2019 sheria ya jimbo inaitaka migahawa iwaeleze wateja kama kamba au krofishi wake wameagizwa kutoka nje. Tafuta maandishi hayo madogo chini ya menyu.

2. Piga simu kabla ya kuwasha gari

Uliza mambo matatu. Leo kuna krofishi wa kuchemsha? Meza inawekwa mapema au ni kufika na kusubiri? Na la tatu, ambalo wenye watoto husahau: mgahawa unafikiwa bila kupita ukumbi wa kamari?

Hili la tatu lina sababu. Sheria ya Louisiana ya mwaka 1991 iliruhusu kamari kwenye meli, meli 15 jimbo zima. Ndiyo maana katika baadhi ya kasino hoteli na migahawa ipo nchi kavu, na mashine zipo upande wa pili, juu ya maji, ukivuka mlango wenye walinzi. Hapo mtoto anakula bila tatizo. Kwingine njia ya kwenda mezani inakatiza katikati ya mashine, na mwenye miaka chini ya 21 hapiti hata akiwa amebebwa mgongoni. Nimeiona familia ya watu saba ikirudishwa mlangoni kwa sababu ya kijana wa miaka 19. Walikula baga kituo cha mafuta.

Mwenye pumu aulize pia kuhusu sigara. Sheria ya jimbo iliyoanza 2007 iliondoa moshi migahawani, lakini kumbi za kamari iliziacha.

3. Ingia, tembea, kaa mezani

Ukishaingia, macho mbele. Taa zinamemeteka, mashine zinaimba, mtu huko pembeni anapiga kelele ameshinda, na saa ya ukutani utaitafuta hadi uchoke. Yote hayo yamepangwa yakuchelewesha kufika mezani.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusema, "Ngoja nijaribu dola ishirini wakati tunasubiri meza." Dola ishirini huzaa arobaini za kuzifuata. Nilikwenda na ndugu mmoja aliyesema maneno hayo; tulipoitwa mezani alikuwa amebakiwa na pesa ya soda. Tulimlisha sisi, lakini hakufurahia chakula, na sisi hatukukifurahia sana kumtazama. Pesa ya bahasha haifunguliwi kabla ya bili kuletwa. Anayetaka kucheza acheze baada ya kushiba, kwa pesa aliyokwisha iaga nyumbani.

Utaombwa pengine ujiandikishe kadi ya mchezaji, ukiambiwa ina punguzo la chakula. Kadi ni bure, na punguzo wakati mwingine ni la kweli. Ila jua kwamba hawakupendi kiasi hicho. Wanataka urudi kwenye mashine.

4. Isome menyu kwa jicho la nyumbani

Majina ni ya Kifaransa, yanatisha, ila vyakula vingi utavitambua.

Gumbo ni mchuzi mzito wa rangi ya kahawia unaomiminwa juu ya wali. Msingi wake ni roux, tamka "ruu": unga uliokaangwa kwenye mafuta polepole hadi ukawa na rangi ya chokoleti. Humo hutiwa kitunguu, pilipili hoho na selari, kisha kamba na kaa, na mara nyingi bamia. Jina lenyewe lilivuka bahari na watumwa. Wengi hulihusisha na "ki-ngombo", jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola. Rafiki yangu wa Lubumbashi alipoonja kijiko cha kwanza aliweka kijiko chini akasema, "Lakini hii ni dongo-dongo yetu!", yaani mchuzi wa bamia wa Kongo. Si sawasawa, lakini hakukosea ukoo.

Jambalaya ni wali uliopikwa pamoja na nyama, soseji, kamba na viungo, chungu kimoja. Mtu wa Pwani ataiita pilau ya kigeni, kisha ataikosoa. Étouffée, "etufee", ni krofishi au kamba kwenye mchuzi wa siagi na kitunguu juu ya wali. Kama hupendi kumenya wala kuchafuka, agiza hii. Catfish ni kambare, anakaangwa kwa unga wa mahindi, nao wanajua kumkaanga. Samaki aliyeandikwa "blackened" hajaungua: amepakwa viungo na siagi akabanikwa kwenye chuma chenye moto mkali hadi juu akawa mweusi. Mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans ndiye aliyeufanya mtindo huo ujulikane miaka ya 1980. Usimrudishe jikoni kama alivyofanya mjomba wangu.

Beignet ni mandazi yaliyofunikwa sukari ya unga. Hayana iliki. Nimemaliza.

5. Uliza kuhusu nguruwe, na uulize vizuri

Hapa ndipo wengi wetu huingia mtegoni, Waislamu, Waadventista na wengine wasiokula nguruwe. Mgahawa umeandikwa vyakula vya baharini, mtu anadhani yuko salama. Jiko la Kikajuni halipiki bila nguruwe kama sisi tusivyopika bila kitunguu. Andouille ni soseji ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, nayo huwekwa kwenye gumbo, hata ile ya vyakula vya baharini. Tasso ni nguruwe. Boudin ni nguruwe na wali. Maharage mekundu na wali hupikwa na nguruwe. Supu nzito ya mahindi na kaa huweza kuanzia kwenye bekoni.

Na mtego mbaya kuliko yote ni mboga. Ukiona collard greens utafurahi, maana ndiyo sukuma wiki yenyewe. Hapo hupikwa na kipande cha mguu wa nguruwe hadi mchuzi wote ukawa wake.

Kwa hiyo usiulize tu kama chakula kina nguruwe. Mhudumu ataangalia juu ya sahani, akasema hakina. Muulize vitu vinne kimoja kimoja: kuna soseji ndani? Kuna bekoni au kipande cha nguruwe kwenye mchuzi au supu ya kuchemshia? Mnakaangia mafuta gani? Kuna mvinyo au pombe kwenye sosi? Kama hana uhakika mwombe amuulize mpishi, naye atakwenda. Huduma ya namna hiyo wameizoea kwa sababu ya watu wa mzio. Pudingi ya mkate pia ulizia, sosi yake mara nyingi ina wiski.

Kilicho rahisi kuthibitishwa ni krofishi wa kuchemsha (hakikisha sufuria haikuwa na soseji), samaki wa kubanika, na kambare kama mafuta ni ya mimea. Kuhusu kukanyaga nyumba ya kamari ili ule chakula halali, hilo muulize shekhe wako, usiniulize mimi.

6. Agiza kwa ratili

Krofishi huuzwa kwa uzito. Pauni yao moja, ile ambayo wazee wa Pwani wakiiita ratili, ni kama gramu 450. Usistaajabu kumwona mtu mwembamba akiagiza ratili tano: sehemu inayoliwa, yaani nyama ya mkia, ni kama asilimia 15 tu ya uzito. Ratili tano zinakupa nyama ya gramu 340 hivi. Mgeni aanze na ratili tatu, pamoja na mahindi na viazi vilivyochemshwa humohumo.

Ukiona kwenye menyu hakuna bei, pameandikwa tu kuwa ni bei ya soko, uliza. Hakuna aibu. Bei hubadilika kwa wiki, na msimu uliofuata ukame wa 2023 uliwalipisha watu hadi wakawasahau krofishi.

Ukiulizwa kiwango cha pilipili, chukua cha kati hata kama wewe ni mtoto wa pilipili mbuzi. Ukali wa pilipili yao huingia kwa kuloweka: moto ukishazimwa, krofishi hubaki ndani ya maji ya viungo wakiyanywa. Hausikii kwa wa kwanza. Unausikia kwa wa kumi na tano, na hapo umeshachelewa. Waliozoea krofishi wa Houston wa mtindo wa Kivietinamu, wanaoogelea kwenye siagi na kitunguu saumu, wasishangae. Huku Louisiana mara nyingi ladha iko ndani ya maji ya kuchemshia, na sahani inakuja kavu.

7. Menya

Sinia likishatua mezani, fanya hivi:

a) Shika kichwa kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine, pale vinapoungana.

b) Zungusha kama unafungua kizibo cha chupa, kisha vuta. Usivute kabla ya kuzungusha, nyama itakatika ikabaki kichwani.

c) Kichwani kuna kitu cha manjano kama siagi. Wenyeji wanakinyonya. Ni kitamu, na ndipo viungo vyote vimejificha. Asiyetaka aweke kando, hakuna atakayemcheka sana.

d) Bandua pete moja au mbili za kwanza za gamba la mkia.

e) Minya ncha ya mkia kwa kidole gumba na cha shahada, huku meno au mkono mwingine ukivuta nyama. Inatoka nzima.

f) Ule mshipa mweusi wa mgongoni utoe. Ni utumbo.

Watano wa kwanza watakuchukua dakika kumi. Baada ya ratili moja utakuwa fundi. Magando makubwa yavunje, madogo yaache.

Utaambiwa kwamba krofishi mwenye mkia ulionyooka alikufa kabla ya kuchemshwa, kwa hiyo asiliwe. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana walilichunguza hilo wakaona si kipimo cha kuaminika. Hata aliyeingia sufuriani akiwa hai anaweza kutoka amenyooka. Kipimo ni nyama: ikiwa laini kama uji au inanuka, tupa.

Wakenya hapa huwa na hadithi yao. Krofishi huyuhuyu mwekundu, mwenyeji wa kusini mwa Marekani, aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 na bado yumo. Kwa hiyo msiseme hamjawahi kuonana.

Onyo moja nalirudia: usiguse jicho. Usiguse jicho la mtoto. Ukitaka kwenda msalani, nawa kabla ya kwenda, si baada tu.

8. Chaza wabichi: fikiri kwanza

Watakuletea chaza juu ya barafu, ganda wazi, na ndimu pembeni. Wengi huwala bila tatizo. Lakini katika maji ya joto ya Ghuba ya Mexico kuna bakteria anayeitwa Vibrio vulnificus, na kwa mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu anaweza kuua. Ndimu haimwui. Sosi ya pilipili haimwui, wala pombe. Moto ndio unaomwua. Agiza chaza wa kubanikwa kwa siagi na jibini. Binafsi naona ni watamu kuliko wabichi.

9. Lipa

Bei ya menyu haina kodi, itaongezwa mwishoni. Bakshishi ni asilimia 15 hadi 20, na si hiari kama kwetu. Mhudumu anaitegemea kuliko mshahara. Bili ya dola 80, ukimwachia 16 mmeachana vizuri. Kabla ya kuandika chochote soma risiti: kundi kubwa, la watu sita au wanane kwenda juu, mara nyingi limeshawekewa bakshishi. Wenzetu wengi huilipa mara mbili.

Mambo yakienda mrama

Mdomo unawaka: maji hayasaidii, yanausambaza ukali. Kunywa maziwa, au kula mkate na wali.

Pilipili imeingia jichoni: osha mikono kwa sabuni kwanza, ndipo uoshe jicho kwa maji mengi safi. Watu hukimbilia jicho kwa mkono uleule, wakaongeza moto.

Midomo imevimba, ngozi inawasha, pumzi inabana: huo ni mzio. Usisubiri kuona. Mwambie mhudumu au mlinzi aliye karibu, na piga 911.

Umeletewa chakula chenye soseji baada ya kuuliza: usiitoe ukaendelea kula. Irudishe kwa upole, eleza kwamba ni suala la dini au afya, na uombe sahani mpya.

Krofishi wameisha: hutokea Jumamosi jioni. Chukua étouffée, usigeukie kaa wa theluji. Huyo ametoka baharini kaskazini, mbali sana na Louisiana, na utamlipia safari yake.

Meza haipatikani kwa saa nzima: toeni namba ya simu, mkasubiri upande wa hoteli au nje kwenye maji. Si kwenye viti vya mashine.

Mikono inanuka siku ya pili: ndimu na chumvi, kisha sabuni.

Krofishi waliobaki waombee boksi, lakini usiwaache ndani ya gari huku ukirudi "dakika tano" kutazama watu wanavyocheza. Joto la Louisiana halina mzaha, na harufu ile itakaa kwenye viti hadi Krismasi. Ukitaka kuwabeba hadi Houston, njoo na kisanduku cha barafu. Ukifika nyumbani wamenye usiku huohuo, mikia iweke kwenye friji, na kesho uikaange na kitunguu, hoho na siagi kidogo juu ya wali wa nazi.